Ukiwa mdhamini na ukanyimwa ripoti ya uchunguzi: namna ya kuidai hadi uione

Kurasa zilikuwa mbili. Mwenyekiti alizisoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma wosia, kisha katibu akapita nyuma ya viti akizikusanya nakala moja moja kabla vikombe vya chai havijaondolewa mezani. Juu ziliandikwa "Muhtasari wa Ripoti ya Kamati ya Uchunguzi". Ripoti yenyewe, tuliambiwa, ni siri. Wadhamini tuliokuwamo chumbani tulikuwa saba. Waliokuwa wameisoma yote walikuwa wawili.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Tanga, na wakati huo nilikuwa mdhamini wa chuo kimoja ambacho sitakitaja. Kamati ilikuwa imechunguza malalamiko ya wanafunzi juu ya mwalimu aliyedaiwa kuwataka rushwa ya ngono ili awape alama, na sisi tulitakiwa tupige kura juu ya hatua za kuchukua. Nikauliza: tunapigia kura kitu gani, nasi tulichokiona ni kurasa mbili? Tangu swali lile hadi siku niliyoketi nikaifungua ripoti ilipita miezi kumi na mmoja, na karibu nusu yake niliipoteza kwa makosa yangu mwenyewe. Ninaandika ili mwenzangu asiipoteze.

Mimi si wakili. Ninayosema kuhusu sheria ni yale niliyojifunza nikiwa ndani ya shughuli yenyewe. Ukifika mlango wa mahakama, tafuta anayevaa joho.

Kwanza sikia kisa cha Pennsylvania

Kisa hiki nilisimuliwa na kijana mmoja wakili wa hapa mjini, na ndicho kilichonifungua macho.

Mwaka 2011 Jerry Sandusky, aliyewahi kuwa kocha msaidizi wa mpira wa Kimarekani katika chuo kikuu cha Penn State, alishtakiwa kwa kuwadhalilisha watoto kingono. Mwaka uliofuata alitiwa hatiani kwa makosa 45. Bodi ya wadhamini ya chuo ilimfukuza kocha mkuu, Joe Paterno, Novemba 2011, kisha ikamwajiri Louis Freeh, mkurugenzi wa zamani wa FBI, achunguze nani alijua nini. Ripoti yake ilitoka tarehe 12 Julai 2012 ikiwa na kurasa 267. Waliohojiwa ni zaidi ya 430, na barua pepe na nyaraka zilizopitiwa ni milioni 3.5. Siku kumi na moja baadaye NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, kikaitumia ripoti hiyo kukitoza chuo faini ya dola milioni 60.

Ripoti ilichapishwa, kila mtu aliiona. Kilichofichwa ni kilichokuwa chini yake: kumbukumbu za mahojiano, barua, mawasiliano ya wachunguzi. Sasa katika bodi ile kuna viti tisa vinavyopigiwa kura na waliosoma hapo. Baadhi ya wenye viti hivyo waliona ripoti imehukumu kuliko ushahidi ulivyobeba, wakaomba waone mafaili. Wakakataliwa. Aprili 2015 saba kati yao wakakishtaki chuo chao wenyewe katika mahakama ya Centre County, na Novemba mwaka huohuo jaji akaamuru waonyeshwe, kwa sharti la kutunza siri.

Hebu litazame ombi lenyewe. Hawakusema "tangazeni". Walisema "tuonyesheni sisi, kwa kuwa kazi tuliyopewa haifanyiki gizani". Sheria ya mashirika yasiyo ya faida ya Pennsylvania inampa mjumbe wa bodi haki ya kukagua vitabu na nyaraka za shirika kwa kadiri zinavyohusiana na kazi yake, na madai yao yalisimama juu ya jiwe hilo.

Nilipolisikia hilo nilijicheka. Miaka thelathini ya uuguzi nimelishika faili la mgonjwa asubuhi na jioni, nikajua ana nini na amekipata wapi, na jirani yake wa kitanda cha pili hakujua. Kuona na kutangaza ni mambo mawili, na mimi nilikuwa nimeyachanganya kama vile sijawahi kuvaa gauni jeupe.

Kosa la kijiweni

Ndiyo, niliyachanganya. Baada ya kikao kile nilikasirika, na Tanga hasira haitembei peke yake. Jioni nilipita kwa shemeji yangu, Ngamiani, nje kuna kijiwe cha kahawa na wazee wanacheza bao. Nikasema kidogo tu. Nilisema "chuoni kuna ripoti wanaificha". Sikutaja jina la mtu. Siku ya tatu maneno yalikuwa yamerudi kwa mwenyekiti yakiwa na majina mawili ambayo mimi sikuwa hata nayajua.

Barua yangu ya kwanza ilipofika, jibu lilikuwa limeshaandaliwa: "Bodi ina wasiwasi na uwezo wa mjumbe kutunza siri." Miezi mitano ikaenda hapo. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla ya kalamu, ni kufunga mdomo. Usiseme kwa shemeji, usiseme kwenye kundi la wasapu la wahitimu, usimwambie mwandishi wa habari "bila kutaja jina langu". Hata wale wa Penn State, ripoti waliyoiandika wao kutokana na waliyoyasoma ilikuja kuvuja kwa wanahabari mwaka 2019, na bodi ikageuka kujadili uvujaji badala ya kujadili kilichomo.

Jua unaomba ukiwa nani

Vyuo vyetu vingi vya binafsi vina ngazi mbili. Kuna wadhamini waliosajiliwa chini ya Sheria ya Uunganishaji wa Wadhamini, Sura ya 318, ambao ndio wamiliki wa mali mbele ya sheria, na usajili wao uko kwa Kabidhi Wasii Mkuu, pale RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Halafu kuna baraza la chuo, linaloendesha mambo ya taaluma na utawala. Mtu mmoja anaweza kuwa kote kuwili, na hapo ndipo wengi huteleza: anaandika barua kama mjumbe wa baraza akidai haki ya mdhamini, au anaandika kama mzazi mwenye uchungu.

Tafuta karatasi tatu. Katiba ya taasisi au hati ya udhamini, hati ya usajili, na barua iliyokuteua. Soma katiba yote, hata sehemu ya lakiri. Mara nyingi utakuta kifungu kimoja kifupi kinachosema kumbukumbu zote "zitakuwa wazi kwa wadhamini" au maneno ya namna hiyo. Kikiwapo, kazi yako imepungua nusu. Kisipokuwapo, tazama nani kapewa mamlaka ya kuunda kamati za uchunguzi. Kama ni bodi, basi kamati ni mtoto wa bodi, na mtoto hamfichi mzazi faili. Hakikisha pia jina lako limo kweli katika orodha ya RITA. Nimeona watu wamekaa kwenye vikao miaka minne huku mabadiliko ya wadhamini hayajawahi kupelekwa. Ukiomba ufanyiwe upekuzi wa usajili, unalipia ada na unajibiwa kwa maandishi.

Wapo watakaokuambia utumie Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ni sheria nzuri, nayo inatimiza Ibara ya 18 ya Katiba: mwananchi anaomba, mwenye taarifa ana siku 30 za kujibu, na inagusa taasisi za umma pamoja na za binafsi zinazotumia fedha za umma au zenye taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma. Lakini huo ni mlango wa mpita njia. Ukiuingia, umekubali wewe mwenyewe kuwa ni mtu wa nje, na utapimwa kwa vizuizi vya mtu wa nje, faragha ya watu ikiwamo. Mdhamini anayebisha hodi kwenye mlango wa wageni wa nyumba yake asishangae akiambiwa asubiri barazani.

Barua

Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nne na ilianza na "Nimesikitishwa sana". Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Ya pili ndiyo iliyofanya kazi, na hii hapa kwa umbo lake:

*Mimi, mdhamini niliyesajiliwa wa taasisi tajwa, naomba kuona nyaraka zifuatazo ili niweze kutekeleza wajibu wangu wa kuamua ajenda namba 6 ya kikao cha tarehe fulani: (1) hadidu za rejea za kamati ya uchunguzi, (2) ripoti kamili pamoja na viambatisho, (3) maelezo ya mashahidi, (4) barua walizoandikiana kamati na menejimenti, (5) mkataba na ankara za mtaalamu aliyeajiriwa kuisaidia kamati. Niko tayari kuzisoma ofisini, mbele ya katibu, bila simu na bila kutoa nakala, na kusaini makubaliano ya kutunza siri. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Endapo sehemu yoyote itazuiliwa, naomba nitajiwe ni sehemu ipi na kwa sababu ipi.*

Sentensi ya mwisho usiisahau. Inamlazimisha anayekataa avunje kukataa kwake vipande vipande. "Ni siri" ni ukuta, lakini "kiambatisho cha tatu ni siri kwa sababu kina jina la binti aliyelalamika" ni hoja, na hoja hujibiwa. Namba tano usiione ndogo. Ankara huonyesha mchunguzi alifanya kazi siku ngapi, na siku zikiwa mbili unajua ripoti ni ya namna gani kabla hujaifungua.

Chapa nakala mbili steshenari, peleka mwenyewe, hakikisha ya kwako inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na mtu anatia saini kwenye daftari la kupelekea barua. Mimi nilipofika, katibu aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma akiwa amesimama.

"Sista, shikamoo. Lakini hili faili si la bodi, ni la kamati."

"Marahaba, mwanangu. Kamati iliteuliwa na nani?"

"Na bodi."

"Na posho zao zililipwa na nani?"

Akacheka, akagonga muhuri. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na bosi tu. Usimgombeze mtu wa masijala. Siku utakayoruhusiwa kusoma, ndiye atakayekufungulia mlango, ndiye atakayekuambia kama kuna faili la pili.

Majibu utakayopewa, na ya kujibu

Nilipewa majibu manne, na nadhani hakuna la tano.

La kwanza: *ni mawasiliano ya wakili na mteja*. Hili ni zito, usilipuuze. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamkataza wakili kutoa siri za mteja wake bila ridhaa ya mteja. Uliza swali moja tu: mteja ni nani? Kama wakili aliajiriwa na wadhamini waliosajiliwa kama chombo kimoja, mteja ni chombo hicho, na wewe ni kiungo chake. Siri hiyo imewekwa kuwazuia walio nje. Kuna kisa kingine cha Marekani kinachoonyesha upande wa pili wa jambo hili. Chuo kikuu cha Michigan State, baada ya kashfa ya daktari wake Larry Nassar aliyewadhalilisha wanamichezo kingono, bodi yake ilikaa miaka na nyaraka zaidi ya 6,000 ikimnyima Mwanasheria Mkuu wa jimbo kwa kisingizio hikihiki cha siri ya wakili. Desemba 2023 bodi hiyohiyo ikapiga kura kuziachia. Ufunguo ulikuwa mikononi mwa bodi muda wote.

Ila kuna kizuizi kimoja cha halali. Ikiwa wewe binafsi umeishtaki taasisi, au unakusudia, ushauri wa wakili kuhusu kesi hiyo hutapewa, na usiombe.

La pili: *mashahidi waliahidiwa siri*. Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo jibu la kweli kuliko yote, na ndilo linalotumiwa na waongo kuliko yote.

Binti aliyesimama mbele ya kamati akasema aliyofanyiwa hakufanya hivyo ili babu mmoja wa bodi, rafiki wa mtuhumiwa, ajue jina lake. Tanga ni mji mdogo. Ukitaja mwaka wa masomo na mtaa anaopanga, umemtaja. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotaka taarifa za mtu zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa, na tangu 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi. Kwa hiyo usijibu kwa kusema "mimi ni mdhamini, nina haki". Jibu kwa kupunguza unachoomba. Mimi niliomba maelezo ya mashahidi yakiwa na herufi badala ya majina: Shahidi A, Shahidi B, na mwaka wa masomo ufutwe. Nilikuwa na hiari ya kudai majina yote, na wakili wangu aliniambia ningeweza kuyapigania. Nilikataa. Kujua kama kamati iliwasikiliza mashahidi hakuhitaji kujua wanaitwa nani. Likitokea jambo ambalo haliwezi kueleweka bila jina, mfano unashuku shahidi mmoja kahesabiwa mara mbili, omba jina hilo moja, kwa maandishi, na useme kwa nini.

Yule anayetumia mashahidi kama pazia utamjua hapohapo, kwa kuwa ukishakubali majina yafutwe bado atakataa. Na barua yake ya kukataa itakuwa kielelezo chako cha kwanza.

La tatu: *suala liko TAKUKURU au polisi*. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kwa hiyo inawezekana kweli. Omba barua ya chombo hicho inayozuia. Ikiwapo, subiri, na usiguse shahidi yeyote. Isipokuwapo, endelea.

La nne: *una maslahi binafsi*. Wale saba wa Penn State waliambiwa hivyo, na si bure, maana wawili kati yao walikuwa wameungana na familia ya Paterno katika kesi nyingine dhidi ya NCAA. Kama mtuhumiwa ni mtoto wa dada yako, sema mwanzoni, kwa maandishi, na ujitoe kwenye kura. Kama huna, tia saini tamko la kutokuwa na maslahi uliambatishe kwenye barua kabla hujaulizwa.

Andika makubaliano ya siri wewe mwenyewe

Usingoje waandike wao. Rasimu yao itakuwa na mtego kama huu: "mjumbe hatatumia taarifa hizi kwa namna yoyote". Kwa namna yoyote! Yaani usome ukalale. Rasimu yako iseme utazitumia kwa ajili ya kazi ya bodi tu: kuuliza maswali kikaoni, kutoa hoja, kupiga kura, na kumweleza wakili wako ambaye naye atafungwa na siri hiyo. Iseme pia siri haizuii kutoa taarifa ya kosa la jinai kwenye chombo cha dola. Weka mahali pa kusomea, saa, jina la atakayekaa nawe, na nini kitafanyiwa daftari lako ukimaliza. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Saini mbele ya shahidi.

Kitu kimoja kidogo: usipange kusoma siku ya gulio au siku ya mechi uwanjani Mkwakwani. Utaletewa faili saa tisa alasiri na saa kumi mlango unafungwa.

Ipeleke kikaoni

Siku 14 zikipita bila jibu, au likija "hapana", usiruke kwenda mahakamani. Andika hoja iwekwe kwenye ajenda, ndani ya muda ambao katiba yenu inautaka. Hoja iwe fupi: "Kwamba bodi iazimie wadhamini wote waione ripoti kamili kwa masharti ya siri yaliyoambatishwa." Mkishinda kura, mmemaliza. Mkishindwa, omba neno kwa neno kwamba mihtasari ionyeshe nani alikubali, nani alikataa, na sababu iliyotolewa na mwenyekiti. Kikao kinachofuata, mihtasari inaposomwa, kaa macho. Mara ya kwanza yangu iliandikwa "wajumbe walijadili kwa kina na kuafikiana". Sikuafikiana na mtu. Nilisimama nikasema isahihishwe, na ilisahihishwa, kwa kalamu, pembeni, na saini ya mwenyekiti. Karatasi hiyo ndiyo iliyowageuza, naamini, kuliko hoja zangu zote.

Ukitoka hapo unaweza kumwandikia Kabidhi Wasii Mkuu kama anayesimamia usajili wa wadhamini, na mdhibiti wa elimu: TCU kwa vyuo vikuu, NACTVET kwa vyuo vya kati. Usitegemee wakuletee faili mezani. Lakini nakala ya barua yao kwa mwenyekiti ina joto lake.

Mahakamani

Sikufika huku, nilifika kwenye ngazi yake tu. Wakili alikuwa ameshaandaa hati ya kiapo, nami nimeshaapa mbele ya Kamishna wa Viapo, ndipo barua ya kukubaliwa ikaja. Ninachokijua ni hiki.

Chuo chenyewe mara nyingi si mtu mbele ya sheria. Anayeshtakiwa ni wadhamini waliosajiliwa, kwa jina lilelile lililo kwenye hati ya usajili, herufi kwa herufi. Kesi imekufa si mara moja kwa kukosea jina. Ndiyo, utakuwa unakishtaki chombo ambacho wewe ni sehemu yake. Inakera, lakini haikatazwi.

Kama ni taasisi ya umma, mambo hubadilika: unatoa notisi ya siku 90 kwanza, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa. Ukitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa chombo cha umma na kukilazimisha kutimiza wajibu, maombi ya kibali yana ukomo wa miezi sita tangu uamuzi. Hesabu miezi hiyo tangu siku uliyokataliwa, usihesabu tangu siku uliyokata tamaa. Mahakama Kuu ipo hapahapa Tanga, hakuna haja ya basi la Dar.

Usimnukulie jaji sheria ya Pennsylvania. Anaweza kuisikiliza kama mfano, lakini jiwe lako ni katiba ya taasisi, hati ya udhamini, na wajibu wa mdhamini katika kanuni za haki tulizozirithi kwa Waingereza, zile zilizoingia kwetu tarehe 22 Julai 1920. Kanuni hizo hazimsamehi mdhamini aliyelala wenzake wakaharibu. Hoja yako ni hiyo: kama nitabebeshwa lawama ya uamuzi, siwezi kufungwa macho wakati wa kuuamua. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama, kwa hiyo hati yako ya kiapo uisome mwenyewe mstari kwa mstari kabla ya kusaini. Ya kwangu ilisema nimekuwa mdhamini tangu mwaka ambao bado nilikuwa wodini.

Ombi liwe finyu: nyaraka zilezile tano, masharti yaleyale ya siri. Jaji akiona ulichokiomba mahakamani ndicho ulichokiomba kwenye barua ya kwanza, ataona mtu aliyekuwa na busara tangu mwanzo. Ukiongeza "na itangazwe kwa umma" umebadilisha kesi. Na gharama ulizia mapema, kwa kuwa aliyeshindwa huweza kuamriwa kumlipa aliyeshinda.

Siku ya kusoma

Nilipewa chumba kidogo nyuma ya maktaba, dirisha moja, feni inayolia. Simu nilimwachia katibu. Niliingia na penseli na daftari ambalo kurasa zake nilizihesabu na kuziandika namba moja hadi arobaini mbele yake, akatia saini ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

Usianze na hitimisho. Anza na hadidu za rejea, uandike upande wa kushoto kamati ilitumwa kufanya nini. Kisha orodha ya waliohojiwa, uone nani alipaswa kuwamo na hayumo. Kisha viambatisho. Ripoti yenyewe iwe ya mwisho, na muhtasari mliosomewa uuweke kando yake, sentensi kwa sentensi, ukiuliza kila moja imetoka ukurasa gani. Isiyo na ukurasa iandike. Ndiyo maswali yako ya kikao kijacho, na unaweza kuyauliza bila kutaja jina la mtu: "Mwenyekiti, aya ya tatu ya muhtasari inategemea kiambatisho kipi?"

Nilisoma siku mbili. Niliyoyaona humo siwaambii, nilitia saini. Kikao kilichofuata niliuliza maswali sita, kura ilirudiwa, na matokeo yake hayakuwa yale ya mwanzo.

Kipindi changu kilipokwisha nilimpelekea katibu daftari. Alizihesabu kurasa, arobaini, akazihesabu tena, akanipa risiti.